Chris Eubank: Bingwa wa uzani wa kati na gharama ya mkanda

Mji wa Dubai umeingia mara mbili katika maisha ya Chris Eubank, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa katika uzani wa kati, na mara hizo mbili hazifanani hata chembe.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 27 Machi 1997, pale alipopanda ulingoni katika uwanja wa tenisi wa mji huo na kumshinda Camilo Alarcon wa Colombia katika raundi ya nne. Mara ya pili ilikuwa Ijumaa tarehe 9 Julai 2021, pale mwanawe Sebastian, naye bondia, aliyekuwa akiishi na kufanya kazi huko, alipofariki dunia zikiwa zimebaki siku chache atimize umri wa miaka 30.

Sebastian hakufia ulingoni. Hata hivyo, msiba huo ulimfika baba ambaye kwa miaka 30 alikuwa amebeba mzigo mwingine: kumbukumbu ya mpinzani aliyeondoka mbele yake akiwa hajitambui. Kuisimulia safari ya Eubank ni kueleza namna mkanda wa dunia unavyopatikana, na ni nani anayelipa gharama yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki safari hiyo si ngeni. Mkanda wa kwanza wa dunia ambao Eubank aliuacha uligombewa na Mganda, na maswali yaliyoulizwa mjini London mwaka 1991 ndiyo yale yale yanayoikabili Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hivi leo.

Uzani wa kati ni nini?

Katika ngumi za kulipwa, uzani wa kati ni wa mabondia wanaozidi ratili 154 lakini hawavuki ratili 160, yaani kati ya kilo 69.85 na kilo 72.57. Juu yake upo uzani wa kati wa juu, unaokomea ratili 168, sawa na kilo 76.20. Wapenzi wengi wa mchezo huo huuona uzani wa kati kuwa ndipo nguvu ya mabondia wazito inapokutana na wepesi wa mabondia wadogo.

Mashirika manne yanatambuliwa zaidi kwa kutoa mikanda ya dunia: WBA, WBC, IBF na WBO. Hili la mwisho liliundwa mwaka 1988 nchini Puerto Rico, na lilikuwa bado changa pale Eubank alipotwaa mkanda wake. Wakosoaji wengi wa wakati huo hawakuuthamini.

Kutoka London hadi Bronx

Eubank alizaliwa kusini mwa London tarehe 8 Agosti 1966, katika familia yenye asili ya Jamaica, na sehemu ya utoto wake aliishi kisiwani humo. Aliporejea Uingereza hakutulia. Alifukuzwa shule zaidi ya moja, akaishi kwa vipindi katika nyumba za kulelea watoto, na alipofikia umri wa miaka 16 baba yake alimpeleka New York, alikokuwa akiishi mama yake katika mtaa wa South Bronx.

Huko Bronx kijana aliyeshindikana alijifunza ngumi na akamaliza masomo ya sekondari. Tarehe 3 Oktoba 1985, akiwa na umri wa miaka 19, alipigana pambano lake la kwanza la kulipwa mjini Atlantic City. Mwaka 1988 alirejea Uingereza na kuweka makazi katika eneo la Brighton, pwani ya kusini, akinolewa na mkufunzi Ronnie Davies. Baadaye mapambano yake yaliandaliwa na promota Barry Hearn.

Waingereza hawakuwa wamezoea bondia wa namna yake. Alivaa suruali za wapanda farasi na kioo cha jicho moja, alizungumza kwa madaha kama mtu wa ukoo wa kifalme, na aliingia ulingoni kwa kuruka juu ya kamba huku ukumbi ukitikiswa na wimbo wa Tina Turner. Tena alitamka hadharani kwamba ngumi ni biashara, na kwamba yeye hana mapenzi nayo. Wengi waliokuwa wakinunua tiketi walitaraji kumwona akipigwa, naye alijua hivyo, na alijua pia kuwa tiketi ya anayekuchukia ina bei ile ile na ya anayekupenda.

Usiku wa Birmingham

Tarehe 18 Novemba 1990, mjini Birmingham, Eubank alikutana na Nigel Benn, Mwingereza mwenzake aliyekuwa bingwa wa WBO wa uzani wa kati. Chuki baina yao haikuwa ya kutengenezwa kwa ajili ya magazeti. Katika raundi ya nne konde la Benn lilimfanya Eubank ajing'ate ulimi vibaya, naye aliendelea kupigana huku akimeza damu yake ili kona ya mpinzani isitambue. Mwishoni mwa raundi ya tisa mwamuzi Richard Steele alilisimamisha pambano. Benn hakuwa na uwezo tena wa kujikinga.

Huo ndio mji ambao Septemba 2018 Mtanzania Hassan Mwakinyo alimsimamisha Sam Eggington katika raundi ya pili, na jina lake likavuma nyumbani kwa usiku mmoja.

Eubank aliutetea mkanda huo mara tatu, dhidi ya Dan Sherry wa Canada, kisha Gary Stretch na Michael Watson wa Uingereza. Ushindi dhidi ya Watson, uliopatikana kwa pointi mnamo Juni 1991, ulizua malalamiko. Watazamaji wengi waliamini kuwa Watson ndiye aliyestahili, na marudiano yakaandaliwa haraka, safari hii kwa ajili ya mkanda wa WBO wa uzani wa kati wa juu uliokuwa wazi.

Konde la raundi ya 11

Marudiano hayo yalifanyika tarehe 21 Septemba 1991 katika uwanja wa soka wa White Hart Lane, kaskazini mwa London. Watson alikuwa mbele kwa pointi. Katika raundi ya 11 alimwangusha Eubank, na ilionekana kana kwamba kazi imekwisha. Eubank aliinuka. Sekunde chache baadaye alirusha konde la kutoka chini lililomwangusha Watson kwa nyuma, na shingo yake ikagonga kamba za ulingo.

Kengele ilimwokoa kwa muda tu. Raundi ya 12 ilipoanza, Watson alishindwa kujihami, na mwamuzi Roy Francis akalisimamisha pambano. Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu ulingoni, huku vurugu zikizuka miongoni mwa mashabiki.

Kilichofuata ndicho kilichobadili mchezo wa ngumi. Bondia anapopata jeraha la namna hiyo, damu huvuja na kuganda kati ya fuvu na ubongo. Fuvu halitanuki, kwa hiyo damu hiyo huukandamiza ubongo, hewa ya oksijeni hupungua, na kila dakika inayopita huua sehemu ambayo haitarudi. Konde hufungua jeraha, lakini dakika zinazofuata ndizo huamua ukubwa wa madhara.

Dakika saba zilipita kabla Watson hajafanyiwa uchunguzi na daktari. Aliwasili hospitali ya kwanza takriban dakika 28 baada ya pambano kusimamishwa, na huko ndiko alikosaidiwa kupumua ipasavyo. Hospitali hiyo haikuwa na kitengo cha upasuaji wa ubongo, hivyo akahamishiwa hospitali ya St Bartholomew's, alikopasuliwa na daktari bingwa Peter Hamlyn. Alikaa siku 40 bila fahamu, akafanyiwa operesheni sita, na kwa miaka kadhaa hakuweza kutembea.

Mahakama yatoa kauli

Watson hakumshitaki Eubank. Alilishitaki shirika linalosimamia ngumi za kulipwa nchini Uingereza, akidai kwamba waliotunga kanuni za ulingoni walipaswa kuweka pia kanuni za kuokoa maisha. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1999, na Mahakama ya Rufaa ikauthibitisha uamuzi huo Desemba 2000. Majaji waliona kuwa vifaa vya kumsaidia majeruhi kupumua, pamoja na daktari aliyefunzwa kuvitumia, vilipaswa kuwa kando ya ulingo tangu mwanzo. Fidia iliyokubaliwa hatimaye ilikuwa pauni 400,000, kiasi kidogo kuliko mahitaji yake, kwa kuwa shirika lenyewe halikuwa na bima ya kulipa zaidi.

Mwaka 2003 Watson alishiriki mbio za marathoni za London kwa kutembea. Ilimchukua siku sita. Katika sehemu ya mwisho ya njia, miongoni mwa waliotembea kando yake walikuwemo daktari Hamlyn na Chris Eubank.

Mkanda ulioachwa, na Mganda aliyeufuata

Eubank alipopanda uzani, mkanda wa WBO wa uzani wa kati ulibaki bila mwenyewe. Tarehe 20 Novemba 1991, miezi miwili baada ya mkasa wa Watson, mabondia wawili waliugombea katika ukumbi wa Royal Albert Hall mjini London. Mmoja alikuwa Mmarekani Gerald McClellan. Wa pili alikuwa John Mugabi wa Uganda.

Jina la Mugabi halihitaji kutambulishwa kwa wapenzi wa ngumi wa Afrika Mashariki. Alipata nishani ya fedha katika Olimpiki za Moscow mwaka 1980, kisha akawasimamisha wapinzani wake wote katika ngumi za kulipwa hadi Machi 1986, pale Marvin Hagler alipomshinda katika raundi ya 11 mjini Las Vegas. Mwaka 1989 alitwaa ubingwa wa dunia wa WBC katika uzani mmoja chini ya uzani wa kati. Lakini usiku ule wa London mwaka 1991, akiwa na umri wa miaka 31, aliangushwa katika raundi ya kwanza.

Mkosi haukuishia hapo. Februari 1995 McClellan, aliyemshinda Mugabi, alikutana na Nigel Benn, aliyeshindwa na Eubank. McClellan aliondolewa ulingoni akiwa na damu kwenye ubongo. Alipoteza uwezo wa kuona na amehitaji kutunzwa tangu siku hiyo. Hata hivyo alibaki hai, na wengi wanaamini kuwa aliokolewa na taratibu zilizowekwa baada ya Watson: safari hii daktari wa usingizi na gari la wagonjwa walikuwa tayari ukumbini.

Bingwa asiyemaliza

Eubank alibaki bingwa wa uzani wa kati wa juu kwa zaidi ya miaka mitatu, na aliutetea mkanda wake mara 14. Takwimu moja ya kipindi hicho inastahili kutazamwa kwa makini. Katika mapambano hayo 14 alishinda kabla ya kengele ya mwisho mara mbili tu. Kumi alishinda kwa pointi na mawili yalikwisha kwa sare, mojawapo likiwa marudiano na Benn ya Oktoba 1993 katika uwanja wa Old Trafford. Wachambuzi wengi wamesema kuwa tangu usiku wa Watson, Eubank alikuwa akimfikisha mpinzani ukingoni kisha akarudi nyuma.

Fedha hazikupungua. Mwaka 1994 alitia saini mkataba na televisheni ya Sky wa mapambano manane katika mwaka mmoja, ulioripotiwa kuwa na thamani ya pauni milioni 10. Mojawapo lilimpeleka Sun City, Afrika Kusini. Mwendo huo ulimchosha. Tarehe 18 Machi 1995, baada ya mapambano 43 bila kushindwa, alipoteza mkanda kwa Steve Collins katika mji mdogo wa Millstreet nchini Ireland, na Septemba mwaka huo Collins akamshinda tena.

Cairo, kisha Dubai

Aliporejea kutoka mapumzikoni, Eubank alikuwa na umri wa miaka 30 na hakuwa na mkanda. Oktoba 1996 alipigana Cairo, akamshinda Luis Dionisio Barrera wa Argentina. Miezi mitano baadaye akaenda Dubai.

Dubai ya mwaka 1997 haikuwa hii inayoonekana leo katika picha. Hoteli ya Burj Al Arab ilikuwa bado haijafunguliwa, na jengo la Burj Khalifa lilikuwa na miaka 13 mbele yake. Kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki huo ulikuwa mji wa majahazi na, kwa wafanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh na Kikuubo, soko la jumla la Deira. Lakini watawala wake walikuwa wamekwisha kutambua kuwa michezo huuza jina la mji: gofu tangu 1989, tenisi tangu 1993, na mbio za farasi za Dubai World Cup tangu 1996. Wiki ile ile aliyopigana Eubank, mvua kubwa isiyo ya kawaida iliwalazimu waandaaji wa mbio hizo kuziahirisha kutoka tarehe 29 Machi hadi tarehe 3 Aprili.

Ushindi dhidi ya Alarcon haukuwa na ubingwa ndani yake. Ulikuwa pia ushindi wa mwisho wa Eubank. Oktoba 1997, akiitwa kwa taarifa ya muda mfupi, alishindwa kwa pointi na kijana Joe Calzaghe mjini Sheffield. Mwaka 1998 alishindwa mara mbili na Carl Thompson, mtu aliyemzidi sana uzito, na katika pambano la pili madaktari walimzuia kuendelea kwa kuwa jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba kabisa. Hapo akastaafu, akiwa na ushindi mara 45, kushindwa mara tano na sare mbili. Katika uzani wa kati na uzani wa kati wa juu, Collins na Calzaghe pekee ndio waliowahi kumshinda.

Utajiri nao haukudumu. Katika muongo uliofuata alitangazwa mufilisi kutokana na deni la kodi.

Baba katika kona

Mwanawe mkubwa, Chris Eubank Jr, alifuata nyayo zake katika uzani wa kati. Machi 2016, mjini London, kijana huyo alikuwa akimshambulia Nick Blackwell bila huruma. Kamera za televisheni zilimnasa baba yake katika mapumziko akimwagiza aache kupiga kichwa na apige mwili, kwa kuwa mwamuzi alikuwa hasimamishi pambano. Lilisimamishwa katika raundi ya 10 kwa ushauri wa daktari. Blackwell alianguka muda mfupi baadaye, akakutwa na damu kwenye fuvu, akalazwa katika usingizi wa kitabibu, na akapona.

Ilipopangwa kwamba mwanawe apambane na Conor Benn, mtoto wa Nigel Benn, Eubank alipinga hadharani masharti ya uzani. Hoja yake inaeleweka kitabibu: bondia anayejikausha maji ili kufikia kipimo hupanda ulingoni akiwa na ubongo usio na kinga ya kutosha. Kwa pambano lililofanyika hatimaye tarehe 26 Aprili 2025, Eubank Jr alitakiwa kufikia ratili 160, na asizidi ratili 170 asubuhi iliyofuata. Baba, aliyekuwa ametangaza kutohudhuria, alifika uwanjani akiwa pamoja na mwanawe, aliyeshinda kwa pointi. Novemba mwaka huo Benn alishinda marudiano.

Anayetazama hofu hiyo ya mzazi hana budi kukumbuka kwamba mwana mwingine alikuwa amekwisha kufariki huko Dubai.

Maswali kwa Afrika Mashariki

Mwishoni mwa Desemba 2024 bondia Mtanzania Hassan Mgaya alifariki dunia baada ya kuangushwa katika pambano jijini Dar es Salaam. Ilikuwa miaka 33 tangu usiku wa White Hart Lane.

Kilichobainishwa na kesi ya Watson si siri, na hakihitaji teknolojia ya ajabu. Panahitajika daktari mwenye ujuzi wa huduma ya dharura, vifaa vya oksijeni kando ya ulingo, gari la wagonjwa lisilotumwa kwingine, na hospitali yenye upasuaji wa ubongo iliyoarifiwa mapema. Upasuaji huo unafanyika katika eneo hili, kwa mfano katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi na Mulago jijini Kampala. Suala ni umbali na foleni za magari kati ya ulingo na mlango wa chumba cha upasuaji.

Suala hilo huwa zito zaidi kwa vijana wanaoalikwa kupigana ng'ambo, ikiwemo Dubai ambako mabondia wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekwisha kupanda ulingoni. Mwaliko wa ghafla humaanisha kupunguza uzito kwa haraka, na bondia mgeni hajui hospitali ilipo. Donge la fedha huandikwa wazi katika mkataba. Ni nani atakayemlipia matibabu na kumtunza akiumia, hilo nalo linapaswa kuandikwa kabla hajatia saini. Watson, aliyepigana katika nchi tajiri na mbele ya madaktari, alilazimika kusubiri miaka 10 na kupita mahakama mbili ili kupata jibu.